Ubao au safari: Fedha za watelezaji wa theluji na fungu la Lesotho

Kila ifikapo mwezi Juni, wakati Ulaya na Amerika Kaskazini zikiingia katika majira ya joto, barabara inayopanda kutoka mji wa Butha-Buthe, kaskazini mwa Lesotho, huanza kupokea magari mengi yenye namba za Afrika Kusini. Magari hayo hukata kona za mlima Moteng na kuishia Afriski, kituo cha michezo ya theluji kilichopo zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, katika safu ya milima ya Maluti. Kutoka Johannesburg ni mwendo wa takriban saa tano. Baadhi ya magari hubeba mbao za kutelezea juu ya paa. Mengine hayabebi chochote cha aina hiyo, kwa kuwa abiria wake watakodi vifaa watakapofika.

Tofauti hiyo kati ya mwenye ubao wake na mwenye kukodi huonekana kuwa jambo la mtu binafsi na mfuko wake. Hata hivyo, kwa nchi ndogo yenye watu wapatao milioni 2.3, iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini, ni suala la uchumi. Fedha anazotumia mtelezaji kununua ubao huenda kwingine kabisa na zile anazotumia kusafiri na kukaa mlimani. Swali la namna anavyozigawa ni swali la nchi gani inafaidika na mchezo wake.

Suala hilo limepata uzito zaidi tangu mwaka 2025. Mwezi Aprili mwaka huo, Marekani ilitangaza ushuru wa asilimia 50 dhidi ya bidhaa za Lesotho, kabla ya kuushusha hadi asilimia 15 mwezi Agosti. Viwanda vya nguo, ambavyo kwa miaka mingi vimeajiri Wasotho wengi kuliko sekta nyingine yoyote ya viwanda, vilitikisika. Mwezi Julai 2025, serikali mjini Maseru ilitangaza hali ya janga la kitaifa kutokana na ukosefu wa ajira, hasa miongoni mwa vijana. Katika mazingira hayo, kila chanzo cha mapato ya kigeni hutazamwa upya, na utalii wa milimani ni mojawapo.

Hesabu ya mtelezaji

Mchezo wa kuteleza kwa ubao mmoja ni mchanga ukilinganishwa na ule wa skii. Mizizi yake ya kisasa ipo Marekani, katika jimbo la Michigan, ambako mwaka 1965 Sherman Poppen aliunganisha skii mbili ili binti zake wateleze wakiwa wamesimama. Mwaka 1977, Jake Burton Carpenter alianzisha kampuni ya Burton katika jimbo la Vermont, na mwaka 1998 mchezo huo uliingia rasmi katika Olimpiki ya majira ya baridi mjini Nagano, Japani. Tangu mwanzo, umekuwa mchezo wa gharama za aina mbili: vifaa, ambavyo hununuliwa mara moja na kutumika kwa miaka, na safari, ambazo hulipiwa upya kila mara.

Vifaa vya msingi ni vitatu: ubao wenyewe, vifungio vinavyoshika miguu, na buti. Katika maduka ya Marekani, seti mpya ya ubora wa kati hufikia dola 1,000 hivi kwa urahisi. Kwa kiwango cha randi 18 kwa dola moja, hizo ni randi 18,000, kabla ya gharama za kuingiza mzigo, faida ya muuzaji na kodi. Bado hapajahesabiwa koti, suruali isiyopenya maji, glavu, miwani na kofia ngumu.

Upande wa safari kuna mafuta ya gari, malazi, chakula, tiketi ya lifti inayompandisha mtelezaji hadi kileleni, ada ya mwalimu kwa anayeanza, na kodi ya vifaa kwa asiye na vyake. Katika orodha hii, kodi ya vifaa ndiyo inayoamua. Ikichukuliwa, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba kukodi seti nzima ni randi 600 kwa siku, seti ya randi 18,000 itarudisha gharama yake baada ya siku 30 za kuteleza. Kijana wa Vermont anayeishi karibu na mlima, katika eneo ambako msimu huchukua miezi minne au zaidi, anaweza kuzimaliza siku hizo ndani ya mwaka mmoja. Mkazi wa Johannesburg anayepanda Lesotho mara mbili kwa msimu, kila mara akiteleza siku mbili, atahitaji zaidi ya misimu saba. Kufikia hapo, chuma cha kingo za ubao kitakuwa kimeshika kutu, sifongo ya ndani ya buti itakuwa imelegea, na iwapo mwenye navyo ni mtoto, miguu yake itakuwa imekua mara kadhaa.

Kwa sababu hiyo, walio na uzoefu hufuata utaratibu mmoja karibu kila mahali. Kitu cha kwanza kununuliwa ni buti, kwa kuwa buti lisilokaa vizuri huharibu siku nzima na lile la kukodi limekwishafuata umbo la miguu ya wengine. Kisha hufuata nguo, glavu na miwani, ambazo zina matumizi hata nje ya mlima. Ubao hununuliwa mwisho, pale tu idadi ya siku za kuteleza inapokuwa kubwa kiasi cha kuuhalalisha. Kusini mwa Afrika, ambako msimu hauzidi sana miezi mitatu, kuanzia Juni hadi Agosti, wengi hawafiki hatua hiyo ya mwisho.

Ubao hutoka wapi

Hapo ndipo jiografia ya fedha inapoanza kuonekana. Mbao za theluji hutengenezwa katika nchi chache. China ina viwanda vingi. Austria, yenye utamaduni wa siku nyingi wa kutengeneza skii, ni kituo kingine. Burton yenyewe ilifunga utengenezaji wake wa Vermont mwaka 2010 na kuelekeza kazi nchini humo. Jimbo la Washington, Marekani, bado lina watengenezaji. Kwa wasikilizaji wanaoijua Ghuba, huenda ikawa jambo la kushangaza kwamba Dubai pia imo katika orodha: katika eneo la Jebel Ali, kando ya jangwa, kuna kiwanda kinachounda mbao za chapa kadhaa za Ulaya na Marekani.

Hakuna hata kimoja kati ya viwanda hivyo kilichopo kusini mwa Afrika. Kwa hiyo, mtu wa Pretoria au Durban anaponunua ubao, sehemu kubwa ya bei huvuka bahari. Kinachobaki ni faida ya mwenye duka na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 15, ambayo huingia katika hazina ya Afrika Kusini. Ushuru wa forodha, pale unapotozwa, huingia katika mfuko wa pamoja wa Umoja wa Forodha wa Kusini mwa Afrika, ulioanzishwa mwaka 1910 na unaozijumuisha Afrika Kusini, Botswana, Eswatini, Lesotho na Namibia. Lesotho hupata fungu lake kutoka mfuko huo, na bajeti yake huutegemea sana. Lakini fungu litokanalo na ubao mmoja ni tone katika bahari.

Randi hiyo hiyo ikitumika kukodi ubao uliopo Afriski, hali hubadilika. Ubao ni ule ule ulioagizwa kutoka ng'ambo, lakini sasa unafanya kazi kama jembe au mashine: unazalisha mapato kila siku unapokodiwa. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Lesotho pia ni asilimia 15, huingia Maseru. Kuna anayelipwa kuutoa rafuni, anayerekebisha vifungio, anayenoa kingo na kupaka nta usiku ili uwe tayari asubuhi. Ununuzi mmoja wa nje hugawanywa kwa watumiaji makumi kadhaa, na kazi inayouzunguka hubaki nchini.

Mfano wa Marekani: safari imeupita ubao

Katika nchi mchezo huu ulikozaliwa, mgawanyo wa matumizi umebadilika katika kipindi cha chini ya miaka 20. Mwaka 2008, kampuni ya Vail Resorts ya Colorado ilianza kuuza pasi ya msimu iitwayo Epic Pass kwa dola 579, ikimruhusu mnunuzi kuteleza bila kikomo katika vituo vyake vyote. Mwaka 2018 likaja kundi pinzani la Alterra na pasi yake ya Ikon. Pasi hizo huuzwa kuanzia majira ya kuchipua, miezi mingi kabla theluji haijaanguka. Kwa msimu wa 2025–26, Epic Pass ilianza kuuzwa kwa dola 1,051. Wakati huo huo, tiketi ya siku moja katika kituo cha Vail imevuka dola 300 kwa siku za msongamano.

Maana yake ni rahisi. Anayetarajia kuteleza siku nne tu Vail katika msimu wa juu hulazimika kununua pasi, na akishainunua, hutafuta kuitumia. Dola elfu moja, ambazo zingetosha kununua seti nzima ya vifaa, zimekwisha kabla hajalipa chumba cha kulala, nauli wala chakula. Kwa familia ya watu wanne, gharama hizo za safari huufanya ubao mpya kuwa jambo linaloweza kusubiri mwaka mwingine. Kwa kampuni za milimani, utaratibu huu ni kinga: fedha zimekwishaingia hata kama msimu utakuwa na theluji haba. Hatari ya hali ya hewa imehamishwa kutoka kwa mwenye mlima hadi kwa mteja.

Hata hivyo, fedha kuingia mlimani si sawa na fedha kumfikia anayefanya kazi mlimani. Hilo lilidhihirika tarehe 27 Desemba 2024, pale walinzi wa usalama wa mlima katika kituo cha Park City, Utah, kinachomilikiwa na Vail Resorts, walipogoma katikati ya sikukuu. Walidai mshahara wa kuanzia upandishwe kutoka dola 21 hadi dola 23 kwa saa. Wageni waliokwishalipia pasi, ndege na hoteli walijikuta katika foleni ndefu huku sehemu kubwa ya mlima ikiwa imefungwa. Mgomo ulimalizika tarehe 8 Januari 2025 kwa makubaliano. Miezi michache baadaye, mwezi Mei, kampuni hiyo ilibadilisha mtendaji mkuu wake.

Kinachobaki Lesotho

Kwa hiyo, kusema kwamba Lesotho inafaidika pale mtelezaji anapopendelea safari kuliko ubao ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine inategemea safari hiyo inalipiwa wapi.

Watalii wengi wa Afriski hutoka Afrika Kusini, na loti, sarafu ya Lesotho, ina thamani sawa na randi, ambayo hupokelewa kila mahali nchini humo. Hilo hurahisisha biashara, lakini hurahisisha pia uvujaji. Msafiri anaweza kujaza mafuta upande wa Afrika Kusini, kununua chakula na vinywaji katika maduka ya huko, kulala Clarens, mji wa kitalii wa jimbo la Free State ulio karibu na mpaka, kisha kuvuka Caledonspoort asubuhi kwa ajili ya siku moja tu ya kuteleza. Katika safari ya namna hiyo, Lesotho hubaki na tiketi ya lifti na kodi ya vifaa, huku sehemu kubwa ya matumizi ikiwa imeachwa ng'ambo ya pili ya mto Caledon.

Hali ni tofauti kwa anayelala mlimani. Huyo hulipia kitanda, hula huko huko, huchukua mwalimu, na huenda akanunua blanketi la Kisotho kabla ya kuondoka. Vijana Wasotho waliojifunza kuteleza katika kituo hicho wamepata kazi ya kufundisha wageni, jambo ambalo kizazi kilichopita hakikuliwazia, wakati kazi ya kijana wa kiume ilikuwa kuchunga mifugo au kwenda migodini Afrika Kusini. Afriski pia ina uwanja wa Kapoko, wenye reli na vilima vya kurukia, ambako hufanyika mashindano ya watelezaji wa mtindo huru. Mashindano huwavutia wale wenye mbao zao wenyewe, na hao, ingawa hawalipi kodi ya vifaa, hukaa siku nyingi zaidi.

Hapa pana fundisho dhidi ya hesabu nyepesi. Mwenye ubao wake si hasara kwa Lesotho. Aliyekwishatumia randi 18,000 kununua vifaa ana sababu ya kurudi kila mwaka, kwa kuwa kila siku ya ziada hupunguza gharama ya ununuzi wake. Mpangaji wa ubao anaweza kuja mara moja, apige picha, asirudi tena. Kituo kinahitaji wote wawili: wa pili alete mapato ya kukodi na ada za masomo, wa kwanza alete uhakika wa msimu ujao.

Theluji ya mashine

Mgawanyo wote huu unasimama juu ya sharti moja, nalo ni theluji. Lesotho ni nchi ya juu kuliko zote kwa kipimo kimoja: hakuna sehemu yake iliyo chini ya mita 1,400, na kilele cha Thabana Ntlenyana, chenye mita 3,482, ndicho kirefu kuliko vyote kusini mwa Afrika. Lakini mvua zake nyingi hunyesha wakati wa joto. Majira ya baridi ni makavu, na theluji ya asili huja kwa vipindi visivyotabirika. Kwa sababu hiyo, Afriski hutegemea mashine zinazorusha matone madogo ya maji katika hewa ya usiku iliyo chini ya nyuzi sifuri, nayo huganda kabla ya kugusa ardhi. Hewa kavu ya Maluti husaidia kazi hiyo, kwa kuwa maji huganda kwa urahisi zaidi katika ukavu kuliko katika unyevu.

Mashine hizo zinahitaji maji, umeme na usiku wa baridi. Usiku wa baridi ndicho kitu pekee kisichonunulika. Katika Alps za Ufaransa, kituo cha La Sambuy kilifungwa mwaka 2023 baada ya misimu ya theluji haba kukifanya kishindwe kujiendesha. Katika Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, kituo cha Tiffindell nacho kimewahi kufungwa kwa miaka kadhaa. Mlima unapokosa theluji, mwenye ubao wake huweza kuuweka stoo na kusubiri, au kuupeleka kwingine. Mwalimu, mpishi na fundi wa vifaa hawana pa kusubiri.

Mlima mwingine unaofahamika

Kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki, picha hii haipo mbali. Wapandaji wa Kilimanjaro hufika Moshi wakiwa na buti na mabegi waliyoyanunua Ulaya au Marekani, na fedha hizo zimekwisha kutumika kabla ndege haijatua. Kinachobaki Tanzania ni ada za hifadhi, malipo ya waongozaji, wapishi na wapagazi, vitanda vya hoteli, na biashara ya kukodisha makoti mazito na mifuko ya kulalia kwa wasio navyo. Baadhi ya makoti hayo yaliingia kupitia masoko ya mitumba, yakiwa yamevaliwa kwanza katika vituo vya theluji vya kaskazini mwa dunia. Huko pia mjadala mkubwa haujawa juu ya idadi ya wageni peke yake. Umekuwa juu ya kiasi gani cha malipo yao kinamfikia mpagazi.

Mambo ya kuangaliwa

Katika misimu ijayo, dalili nne zitaonesha iwapo Lesotho inapata fungu lake. Ya kwanza ni idadi ya usiku wanaolala wageni, ambayo ina maana kubwa kuliko idadi ya magari yanayovuka mpaka. Ya pili ni akiba ya vifaa vya kukodi: mbao na buti zilizochakaa humfanya mteja ama anunue vyake Johannesburg, ama asirudi. Ya tatu ni chakula na huduma za kituo, kama vinatoka kwa wakulima na wafanyabiashara wa Butha-Buthe na Mokhotlong au vinabebwa kwa malori kutoka ng'ambo. Ya nne ni mishahara na mikataba ya wafanyakazi wa msimu, ambao kazi yao huisha theluji inapoyeyuka mwezi Agosti au Septemba.

Randi dhaifu inaweza kuisaidia Lesotho katika hili. Inapoporomoka mbele ya dola na yuro, ubao wa kuagizwa huwa ghali, na safari ya Austria huwa ghali zaidi, ikichangiwa na ada ya viza ya Schengen iliyopandishwa hadi yuro 90 mwezi Juni 2024. Lesotho haina gharama hizo kwa raia wa Afrika Kusini, na bei zake zipo katika sarafu wanayolipwa mishahara. Ni nafasi ambayo nchi hiyo haikuitengeneza yenyewe, na inaweza kupotea randi ikiimarika. Itategemea kama wanaofika Maluti wakati huu, wakiwa na mbao zao au wakiwa mikono mitupu, watapata sababu ya kukaa usiku wa pili.